Wiki moja ufukweni kwenye joto na watoto: kuogelea saa ngapi, na jua je?

Swali: Habari wadau. Tunakwenda wiki moja pwani ya joto, ufukwe wa shamrashamra. Watoto wanataka kuogelea kila siku. Tupangeje?

Jibu 1: Tafuta jedwali la kupwa na kujaa la hapo hapo mnapofikia. Kati ya kujaa na kupwa ni kama saa 6 na dakika 12, na kila siku ratiba husogea kama dakika 50, kwa hiyo saa nzuri ya Jumatatu si ya Alhamisi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji hutoka mbali, kisha hurudi kwa kasi. Mkitembea mwambani, geukeni kabla hayajaanza kujaa. Mara nyingi hujaza kwanza bonde lililo nyuma yenu. Viatu vya mpira lazima, miba ipo.

Jibu 2: Mawimbi yakivunjika kushoto na kulia, katikati pametulia, msidanganyike! Mara nyingi hapo ndipo mkondo unapovuta kwenda nje. Ukivutwa usishindane nao: elea, kisha ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke.

Jibu 3: Losheni ya jua SPF (kipimo cha kinga, kimeandikwa kwenye chupa) 30 au zaidi, dakika 15 kabla ya kutoka. Mtu mzima mwili mzima ni kama mililita 30. Wengi hupaka kidogo mno, kisha wanailaumu chupa. Rudieni kila saa 2 na mkitoka majini. Dawa ya mbu hupakwa juu yake. Anayemeza doxycycline kuzuia malaria ngozi yake huungua upesi, avae mikono mirefu.