Leaf inatetemeka ikivuta: nibadilishe draifshafti, mauntingi au mota nzima?

Mkazi_wa_Kasarani

Hamjambo wakubwa. Naomba msaada kabla sijatoa pesa. Gari ni Nissan Leaf ya 2014, la umeme tupu, betri ya kWh 24, niliiagiza kutoka Japani. Kwa wiki tatu sasa, nikiingia Thika Road pale Allsopps na kukanyaga mafuta nijiunge na wenzangu, sakafu inatetemeka kuanzia kama kilomita 40 kwa saa hadi 70. Maji kwenye chupa yanafanya viduara, na kiti cha abiria kinacheza hata kikiwa kitupu. Nikiachilia pedali, mtetemo unakatika papo hapo. Halafu kuna mvumo mdogo nikifika 80. Sijui kama ni ugonjwa uleule.

Mafundi watatu, majibu matatu. Wa kwanza aliinua gari kwa jeki, akazungusha magurudumu, akaweka ncha ya bisibisi kwenye mota na mpini sikioni. Akasema beringi ya mota imekufa, nitafute mota na giaboksi yake ya ex-Japan (iliyotumika Japani). Wa pili anasema mauntingi (raba zinazoishikilia mota kwenye gari), wa tatu anasema draifshafti (shafti inayopeleka nguvu ya mota kwenye gurudumu). Balansi nimefanya mara mbili, hakuna kilichobadilika. Bei ya mota ni karo ya watoto wangu ya mwaka. Nianze wapi?

FundiWaBabaDogo

Pole sana mkubwa. Mota usinunue bado.

Jiulize kwanza: kinachokusumbua kinafuata mwendo au kinafuata nguvu? Amka Jumapili asubuhi, tafuta barabara tambarare isiyo na magari. Fika 60, weka N (nyutro), uache gari liteleze. Kwenye N mota haivuti wala hairudishi umeme kwenye betri. Kelele ikibaki palepale, inafuata mwendo, basi angalia tairi, rimu na beringi za magurudumu. Ikikatika, inafuata nguvu, na hapo washukiwa ni jointi za ndani za draifshafti (zile za upande wa mota), mauntingi au meno ya giaboksi.

Kisha rudi D. Kwa mwendo uleule vuta taratibu, halafu achilia pedali gari lijizuie lenyewe. Likivuta, meno ya gia yanasukumana upande mmoja. Likirudisha umeme, yanasukumana upande wa pili. Giaboksi iliyoumia mara nyingi hulia tofauti katika hali hizo mbili, na mlio wake ni mwembamba, unapanda pamoja na mwendo. Mtetemo wa sakafu unaokuja ukivuta tu, mimi kwanza nashuku jointi ya ndani, ile yenye rola tatu.

Kuhusu kipimo cha jeki: magurudumu yakining'inia, draifshafti zinakunjika kwa pembe ambayo barabarani hazifiki, tena hazina mzigo. Jointi itakwaruza hata ikiwa nzima, sauti isafiri kwenye chuma hadi kwenye mota, na bisibisi itaisikia hapo. Ukitaka kusikiliza gari likiwa juu, weka stendi imara chini ya mikono ya chini ya sospensheni, gurudumu likae kimo kilekile linachokaa chini.

Umeme_Tupu

Naongezea hesabu, maana inasaidia kumjibu fundi anayebisha. Tairi la Leaf lina mzunguko wa karibu mita 2. Kwa 60 kwa saa gurudumu linazunguka kama mara 8 kwa sekunde, na draifshafti vilevile, kwa sababu zimefungana. Jointi ya ndani ina rola tatu, kwa hiyo ikichakaa inatikisa mara tatu kwa kila mzunguko, yaani karibu 25 kwa sekunde. Mota inazunguka kama mara 8 zaidi ya gurudumu, hivyo iko karibu 65 hadi 70.

Pakua programu yoyote ya kupima mitetemo kwenye simu, lalisha simu sakafuni karibu na kiti cha dereva, mwenzako aangalie wewe ukiendesha. Kwa 60, kilele kikiwa karibu na hezi 8 (mara 8 kwa sekunde), ni gurudumu. Kikiwa karibu na 25, na kinakua ukivuta, ni jointi. Kwa milio ya juu ya giaboksi tumia maikrofoni ya simu, maana kipima mtetemo cha simu nyingi hakifiki huko vizuri.

Kijana_wa_Rongai

Ndugu zangu, mauntingi msiidharau. Yangu ilikuwa imepasuka raba na nilihangaika miezi miwili.

FundiWaBabaDogo

Siidharau ndugu. Ila ilipopasuka ulisikia nini? Nadhani ulisikia kugonga, "du" moja ukitoka R kwenda D, au ukitoka kwenye kujizuia na kuanza kuvuta. Mtetemo wa mfululizo kutoka 40 hadi 70 ni habari nyingine. Na ile "tik" moja ya chuma gari linapoanza kuondoka, mara nyingi ni pale draifshafti inapokaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu): nati imelegea au nyuso zimekauka. "Tak-tak-tak" ukikata kona kali ni jointi ya nje.

Mama_wa_Syokimau

Kaka wa Kasarani, huo mvumo wa 80 usiusahau. Mimi niliendesha miezi minne kwenye Mombasa Road nikidhani ni tairi, kwa sababu gari la umeme halina injini ya kufunika sauti na kila kitu kinasikika. Jaribu hivi: ukiwa na nafasi, yumbisha usukani kidogo kushoto, kisha kulia. Mvumo ukiongezeka uzito wa gari ukielemea upande mmoja, shuku beringi ya upande huo. Yangu ilikuwa ya mbele kushoto. Nilimwita fundi akashika springi kwa mkono huku gurudumu likizungushwa polepole kwa mkono, akahisi msasa msasa kwenye vidole. Ilipobadilishwa, kimya.

Tena angalia diski za breki. Gari hizi hujizuia kwa mota, breki zinakaa bila kazi, diski zinashika kutu msimu wa mvua. Zangu zilikuwa zinakwaruza na nikahesabu kuwa ni draifshafti.

FundiWaBabaDogo

Asante dada, hiyo ya springi ni kweli kabisa.

Mkazi, nilisahau kuuliza, na nilipaswa kuanza nalo. Umeinua hilo gari?

Mkazi_wa_Kasarani

Ndiyo. Niliweka spesa (vipande vya kuinua gari kwenye springi) mbele na nyuma, mwezi mmoja tu kabla haya hayajaanza. Matuta ya mtaani kwetu yalikuwa yanakwaruza kava ya chini ya betri kila jioni.

FundiWaBabaDogo

Basi hapo tumefika. Ukiinua mwili wa gari, mota inapanda nao, magurudumu yanabaki chini, na draifshafti zinalala kwa pembe kali zaidi. Ukikanyaga mafuta pua ya gari inanyanyuka na pembe inazidi. Rola za jointi ya ndani zinalazimika kwenda mbele na nyuma ndani ya mifereji yake huku zimebanwa na nguvu yote ya mota, na Leaf inatoa nguvu hiyo tangu mwendo wa sifuri. Jointi iliyokuwa imechakaa kidogo na kuvumilika kwa kimo cha kiwandani sasa inapiga kelele. Magari ya petroli yaliyoinuliwa nayo yanaugua hivi, ila injini inaficha.

Toa spesa za mbele kwanza, uendeshe siku mbili.

Umeme_Tupu

Nakubali. Na ukifikia kubadilisha, nionavyo mimi:

Kufungua jointi, kusafisha na kujaza grisi mpya na raba mpya ni rahisi na inafaa kama mifereji bado laini. Ikishapata mabonde, grisi itakupa majuma machache ya amani tu. Draifshafti ya ex-Japan ya Kirinyaga Road ni chuma cha asili, lakini hujui imetembea kiasi gani. Ishike jointi ya ndani kwa mkono mmoja, shafti kwa mwingine, uzungushe huku na huku. Ikicheza, iache. Mpya za watengenezaji wengine nimeona nzuri na mbaya. Mbaya hutetemeka siku ya kwanza. Mimi ningechukua ya ex-Japan niliyoishika mwenyewe kuliko mpya nisiyoijua.

Kijana_wa_Rongai

Mimi ningechukua mpya yenye dhamana. Kwa kuishika mkononi huwezi kuhisi uchakavu mdogo.

FundiWaBabaDogo

Yoyote mtakayochagua, shafti ikivutwa oili ya giaboksi inamwagika. Weka sili mpya, jaza oili ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na nati ya habu iwe mpya. Kazi hii haihitaji kugusa nyaya za rangi ya chungwa. Fundi akitaka kuzifungua, msimamishe. Betri hiyo ni karibu volti 360, na kabla ya kuzikaribia lazima betri ya volti 12 itolewe, plagi ya usalama ichomolewe, na dakika 10 zipite inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota) imalize chaji yake.

Mkazi_wa_Kasarani

Narudi na majibu. Jumapili nilipima kwenye N: mtetemo ulikatika, mvumo ulibaki. Simu ilionyesha kilele kwenye 24 na 26 nikivuta. Kwa hiyo yalikuwa magonjwa mawili.

Nilitoa spesa za mbele. Mtetemo ulipungua zaidi ya nusu, haukuisha. Tukafungua jointi ya ndani upande wa kulia. Grisi ilikuwa nyeusi, nyembamba kama oili, na nilipopitisha ukucha kwenye mfereji ulikwama kwenye bonde mahali palepale rola inapokaa gari likiwa limeinuliwa. Ya kushoto ilikuwa laini, tukaijaza grisi na kuifunga raba mpya. Ya kulia nimeweka ya ex-Japan, ya tatu niliyoishika dukani. Mbili za kwanza zilicheza. Jana Allsopps nilikanyaga hadi chini na maji kwenye chupa yalitulia.

Fundi aliyetaka nibadilishe mota nilimwonyesha ile jointi. Aliitazama muda mrefu, akaniomba aipige picha.

Mvumo ni beringi ya nyuma kulia, nimeusikia kwa usukani kama dada alivyosema. Na matuta bado yapo. Kuna mtu amewahi kuimarisha kava ya chini ya betri kwa bamba bila kuinua gari?

Mama_wa_Syokimau

Mimi nimefanya. Nitapiga picha kesho asubuhi kukiwa na mwanga.