Mnaochanganya kanuni za D&D za 2014 na 2024 kwenye meza moja, mnatuharibia mchezo

Wakuu, salaam. Anayetaka kuniambia nipunguze munkari apite tu, uzi huu nimeufungua nikiwa nao.

Meza za D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu na vitabu vya kanuni) za mtandaoni zina ugonjwa mmoja. Vita imepamba moto, mchawi wa adui ananyanyua mkono, mtu anapaza sauti "Counterspell!", yaani uchawi wa kuzuia uchawi wa mwingine, na dakika arobaini zinateketea kwa ubishi. Mmoja ana kitabu cha 2014, wa pili ana cha 2024, wa tatu hana kitabu kabisa, ana video aliyoangalia juzi. Halafu DM (mwendesha mchezo), badala ya kuuliza "tunatumia toleo lipi?", anatoa hukumu ya nusu kwa nusu ambayo haipo kwenye toleo lolote. Mkitoka hapo mnasema kanuni ni tata. Kanuni hazina kosa. Majibu ya ugomvi mwingi yako kwenye sentensi moja ya kitabu, ila sentensi ya 2014 siyo ya 2024.

Tuanze na hiyo hiyo Counterspell, maana ndiyo inayovunja meza nyingi.

Toleo la 2014: ni riaksheni (tendo la kujibu, hata nje ya zamu yako), unaitumia ukimwona kiumbe ndani ya futi 60 anaroga (nasema kuroga kwa sababu ndiyo fupi, msinianze). Ukiitumia kwa sloti (akiba ya nguvu ya kuroga) ya ngazi ya 3, na uchawi wake ukiwa wa ngazi ya 3 kushuka chini, unakufa hapo hapo, hakuna dadu. Ukiwa wa ngazi ya 4 kwenda juu, wewe mzuiaji unarusha d20 (dadu ya pande 20) na kujumlisha kiwango cha uwezo wako wa kuroga, ukitafuta 10 jumlisha ngazi ya uchawi ule. Sasa sikilizeni vizuri: hicho ni kipimo cha uwezo tupu. Bonasi ya ujuzi HAIINGII, isipokuwa una kipengele cha darasa lako kinachosema iingie. Adui akiroga Fireball (mlipuko wa moto) kwa sloti ya ngazi ya 5, unatafuta 15. Akili yako ina +4, basi unahitaji 11 kwenye dadu, nusu kwa nusu. Mtu akichomeka bonasi yake ya +3 anahitaji 8, amepanda mpaka asilimia 65. Hiyo ni asilimia 15 ya kuiba mchana kweupe, na watu wanafanya hivyo kila wiki kwa sababu programu ya karatasi ya mhusika inawaonyesha namba kubwa wakabonyeza.

Toleo la 2024: sahau yote hayo. Anayeroga ndiye anayerusha dadu, ya kujinusuru kwa Constitution (uimara wa mwili), dhidi ya namba ya uchawi wako anayotakiwa kuifikia. Akishindwa, uchawi unayeyuka na aksheni (tendo lake kuu la zamu) imepotea, lakini sloti yake inabaki. Ngazi ya sloti haina kazi tena hapa: Fireball ya ngazi ya 3 na ya ngazi ya 8 zinazuiwa kwa dadu ileile. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema "nimepandisha ngazi ili wasinizuie" na meza ni ya 2024, hajasoma. Na ukimwona mtu wa 2024 anakata sloti ya adui aliyezuiwa, naye hajasoma.

Halafu kuna huu mtindo wa DM kutangaza: "Adui anaroga Fireball, nani anazuia?" Kwa nini unataja jina? Sema "anaanza kuroga", nyamaza, hesabu tatu, wanaotaka kuzuia wazuie gizani. Kuna kanuni ya hiari ya 2017 ya kutambua uchawi unaorogwa: unatumia riaksheni, unarusha Arcana (ujuzi wa mambo ya uchawi) dhidi ya 15 jumlisha ngazi. Umeona mtego? Riaksheni ni moja tu mpaka zamu yako irudi, hivyo aliyetambua hawezi kuzuia. Utambuzi na uzuiaji ni wa watu wawili. DM anayetaja jina bure amewapa wachezaji riaksheni ya bure, halafu analalamika kwamba mabosi wake wanakufa raundi ya pili.

Kuzuia kizuio sasa. Ni zamu yako, umeroga Fireball kwa aksheni, adui kakuzuia, nawe unataka kumzuia yeye. Mwaka 2014 ruksa, riaksheni yako iko huru hata ndani ya zamu yako mwenyewe. Ila ukiwa umeshatumia uchawi wa aksheni ya bonasi (tendo dogo la ziada) katika zamu hiyo, tuseme Misty Step, umejifungia: kilichobaki kwako ni kantripu (uchawi mdogo usiokula sloti) ya aksheni moja basi. Siyo Fireball, siyo Counterspell. Watu hukumbuka kipande cha Fireball wakasahau kwamba katazo linashika zamu nzima, riaksheni ikiwemo. Mwaka 2024 kanuni hiyo ilitolewa, ikaja hii: sloti moja kwa zamu moja, bila kujali ni aksheni, bonasi au riaksheni. Fireball imekula sloti, basi Counterspell ya sloti ndani ya zamu hiyo hiyo huna. Kwenye zamu ya mtu mwingine, unayo.

Na paladini (askari mtakatifu) wa 2024, msijifanye hamjui: Divine Smite, lile pigo lenu takatifu, sasa ni uchawi wa aksheni ya bonasi. Maana yake inazuilika kwa Counterspell, na inakula ile sloti yako moja ya zamu. Mambo ya kupiga mara mbili na kumwaga sloti mbili ni ya 2014. Chagua kitabu.

Kuandaa uchawi kwa Ready (kuuweka usubiri tukio fulani) nako kunaumiza kichwa bila sababu. Uchawi ulioandaliwa unarogwa PALE unapouandaa. Sloti imetoka, umakini umeanza, na uchawi mwingine uliokuwa unaushikilia umekatika. Kichochezi kikitokea, unauachia tu ule uliokwisha kurogwa. Kwa hiyo mchawi aliyejificha nyuma ya nguzo akaandaa Lightning Bolt, kisha akachungulia na kuiachia, hazuiliki wakati wa kuachia. Mlitakiwa kumwona akiroga, na alikuwa nyuma ya nguzo. Gharama yake ni kwamba akipigwa kabla hajaachia, anarusha dadu ya kulinda umakini, 10 au nusu ya madhara, ipi kubwa. Kichochezi kisipotokea, sloti imekwenda na maji. Mnasema ni ujanja wa kihuni. Bei yake kailipa.

Mwenye mkuki mrefu. Wa 2014: kipaji cha Polearm Master kinamfanya adui achokoze pigo la upenyo (pigo la riaksheni, kwa kawaida kwa adui anayetoka eneo lako) anapoingia eneo la silaha yako, futi 10. Kipaji cha Sentinel kinasema ukimpata kwa pigo la upenyo, kasi yake inakuwa 0 mpaka zamu iishe. Ukiziunganisha, adui mwenye upanga wa futi 5 anasimama futi 10 kutoka kwako kama nguzo ya umeme, hakufikii. Halali kabisa. Lakini ni mmoja tu! Riaksheni moja. Goblini wa pili anapita, na DM akipeleka maadui wanne mbinu imeisha. Wa 2024: pigo la Polearm Master mtu akiingia eneo lako ni riaksheni yenye jina lake, haliitwi tena pigo la upenyo, wakati kusimamisha kwa Sentinel bado kunadai pigo la upenyo. Muunganiko umekatika. Mtu anayechukua kipaji kimoja cha kitabu hiki na kingine cha kile ili urudi, huyo anajua anachofanya.

Hesabu ya madhara, haraka: kwanza jumlisha na kutoa, pili usugu, tatu udhaifu, na kila ukigawanya unashuka chini. Moto 28, kuna kinga ya kutoa 5, kiumbe ana usugu na udhaifu wa moto kwa pamoja. 28 toa 5 ni 23, nusu ni 11, mara mbili ni 22. Siyo 23 kwa hoja ya "vinafutana", wala 18 ya aliyeanza na nusu. Usugu mara mbili wa kitu kilekile ni usugu mmoja.

Naishia hapo kabla sijaanza ya ukungu.

Jibu #2
Mleta uzi, umesahau kitu kimoja. Kitabu chenyewe kinampa DM neno la mwisho. Akiamua bonasi iingie, imeingia.

Mleta uzi
Mkuu, hilo sijalipinga. Aseme kabla ya dadu kurushwa, aandike, na iwe hivyo kwa adui pia. Tatizo ni DM anayeamua hivi kwa mchezaji saa tatu usiku, na vile kwa bosi wake saa nne. Na mambo mawili yakitokea kwa mpigo, tuseme sumu na uponyaji vyote mwanzo wa zamu, kuna kanuni: mwenye zamu anachagua mpangilio. Kama ni zamu ya zimwi, DM anachagua. Kama ni yako, wewe. Hapo hahitaji hata kufikiri.

Jibu #4
Lete ya ukungu, usitukimbie 😂

Mleta uzi
Haya. Advanteji unarusha d20 mbili unachukua kubwa, disadvanteji unachukua ndogo. Ukiwa nayo moja ya kila upande, vyote vinafutika, hata kama zilikuwa tano kwa moja. Mko ndani ya Fog Cloud, hamuonani. Usiyemwona unampiga kwa disadvanteji, asiyekuona unampiga kwa advanteji. Jibu: dadu moja ya kawaida, wote wawili. Mpiga mishale aliyekuwa na disadvanteji kwa sababu ya umbali naye anarusha kawaida, maana ile advanteji moja imefuta zote. Ndiyo, ni kituko, ukungu umemsaidia kulenga mbali. Ila ndivyo ilivyoandikwa, na ukitaka kuibadilisha ibadilishe hadharani.

Kituko cha pili: 2014, mtu asiyeonekana ana advanteji hata dhidi ya mwenye See Invisibility (uchawi wa kuona wasioonekana), kwa sababu sentensi ya pili ya hali ile haikusema "kama huonekani". 2024 wameirekebisha, dhidi ya anayekuona huipati advanteji hiyo.

Jibu #6
Kiongozi, kuna hili la druidi (mchawi wa asili anayejigeuza mnyama) aliyegeuka dubu akapigwa Disintegrate, uchawi wa kumgeuza mtu vumbi. Kwetu DM alisema vumbi moja kwa moja.

Mleta uzi
Chapa za mwanzo za 2014 ziliruhusu usomaji huo. Masahihisho ya 2018 yakabadilisha maneno: unakuwa vumbi kama madhara yamekuacha na HP (pointi za uhai) 0. Sasa piga hesabu. Disintegrate ni 10d6+40, wastani 75. Dubu wa kahawia ana 34. Yanabaki 41, yanamwangukia druidi mwenyewe. Ana 60? Anabaki na 19, katoka udubu akiwa hai. Ana 38? Vumbi. Mwaka 2024 swali halipo, Wild Shape (huko kujigeuza mnyama) inabaki na HP zako mwenyewe na inakuongezea za muda sawa na ngazi yako ya udruidi.

Jibu #8
Naongezea kwenye pigo la upenyo maana watu wanalikosea pia. Ukisukumwa na Thunderwave ukatoka eneo la adui, hakuna pigo, hukutumia mwendo, aksheni wala riaksheni yako. Dissonant Whispers ni tofauti: unakimbia kwa riaksheni YAKO, kwa hiyo kila adui unayemkimbia anakugonga, ili mradi ana riaksheni. Kama ulishatumia yako, hukimbii, unakula madhara ukiwa umesimama. Aliyeweka paladini wawili pembeni ya zimwi kabla ya kuroga hiyo ametumia kichwa.

Jibu #9
Na ile bunduki ya wakulima? Wakulima elfu mbili kwenye mstari, kila mmoja kaandaa kumpa mwenzake mkuki, raundi ni sekunde 6, mkuki unafika mwisho kwa kasi ya risasi.

Mleta uzi
Unafika mwisho, ndiyo. Halafu mkulima wa mwisho anaurusha, d6 moja ya mkuki wa kawaida. Huwezi kutumia kanuni za mchezo kusafirisha mkuki halafu uhamie fizikia ya shule kwenye madhara. Kitabu cha DM cha 2024 kimeliweka wazi kwamba kanuni siyo fizikia. Umewalipa wakulima elfu mbili kwa d6.

Jibu #11
Tusio na vitabu tunahakiki wapi? Bei ya hivi vitabu mnaijua.

Mleta uzi
Swali zuri kuliko yote humu. Kanuni za msingi za 2014 ziko kwenye SRD 5.1 (hati rasmi ya kanuni), ilitolewa 2023 kwa leseni huria ya Creative Commons, bure na halali. Za 2024 ziko kwenye SRD 5.2 ya 2025, leseni hiyo hiyo. Counterspell, Ready, umakini, mpangilio wa madhara, vyote vimo. Polearm Master na Sentinel havimo, hivyo vinahitaji kitabu. Pakua zote mbili, zipe majina yenye mwaka mwanzoni, na kabla ya mchezo ujao uliza mezani ipi inafunguliwa. Ukijibiwa "zote", uliza tena.