Ziara za Mkwawa Iringa: fuvu mnaonyesha, kiwiliwili mnakiacha Mlambalasi

Kamwene wakuu.

Uzi huu unawahusu waandaaji wa safari za Iringa, hasa wanaowanadia wasomaji wa riwaya. Mtu amesoma Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, amekuta kichwa cha Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kikitajwa, amefunga safari. Mnampakia hadi Kalenga, ilikokuwa ngome ya Mkwawa, anatazama fuvu lake kwenye kioo, anapiga picha, kabla ya saa sita yuko mjini anasubiri chipsi. Hiyo ndiyo ziara ya Mkwawa? Na hela ya siku nzima mmeshatia mfukoni!

Kinachoudhi zaidi ni kuchanganya vita. Lugalo si Kalenga jamani. Lugalo iko upande wa barabara ya Morogoro, Kalenga iko njia ya Ruaha, kama kilomita 15 kutoka mjini. Lugalo, 17 Agosti 1891, Wahehe waliuvizia msafara wa Wajerumani ukiwa umejinyoosha njiani, silaha nzito hazijapangwa, na kamanda wao Zelewski akafia pale pale. Kalenga, 30 Oktoba 1894, mambo yaligeuka: safari hii Wahehe ndio waliokuwa ndani ya kuta, na mizinga iko nje. Tofauti hiyo huisomi kwenye kibao, unaiona kwa kusimama kwenye ardhi zote mbili. Sasa ninyi mnasimulia Lugalo mgeni akiwa Kalenga, eti kuokoa mafuta.

Mlambalasi ndiyo kabisa mmeifuta. Mkwawa alijipiga risasi huko 19 Julai 1898, kichwa kikakatwa, kiwiliwili kikazikwa huko huko. Ni kama kilomita 50 kutoka mjini, upande ule ule wa Kalenga, kwa hiyo kisingizio cha njia hakuna. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, Mlambalasi kwanza kabla jua halijawa kali, Kalenga mkiwa mnarudi. Lugalo iwekeni nusu siku nyingine. Masika ulizieni hali ya barabara kabla ya kuchukua hela ya mtu, na msiende na gari la chini.

Kuhusu fuvu, acheni kuapa kwamba ni lake kweli. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofuata Vita Kuu ya Kwanza, uliitaka Ujerumani ilirudishe, likaja 1954. Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alilichagua katika mkusanyiko wa mafuvu huko Bremen, kwa kulinganisha vipimo na vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa. Mgeni aambiwe hivyo hivyo. Mtu mzima atapima mwenyewe.

Halafu kuna hawa wa kuonyesha chumba pale Boma, jengo la Wajerumani mjini ambalo sasa ni makumbusho, na kudai ndimo Hamza wa Afterlives alimofundishwa uaskari. Hamza ni mhusika wa kubuni! Sehemu kubwa ya kisa iko pwani, na Mkwawa anatajwa tu. Mkitaka kumwonyesha msomaji vita ile ya maaskari, yaani Vita Kuu ya Kwanza, mpelekeni kwenye makaburi ya vita hapo hapo mjini, walikolala Wajerumani na Waingereza, kisha mwulizeni maaskari weusi wako wapi. Hapo riwaya itamwingia.

Tangazo liandike maeneo kwa majina. Kama ni Kalenga tu, andikeni Kalenga tu, na bei iwe ya Kalenga tu.