Tupeane uzoefu: Dar hadi Bukoba na IST, bajeti laki saba kwenda na kurudi

Mtoka Muleba: Wakuu, habari za humu. Desemba hii nataka kwenda nyumbani kwa gari, na sijawahi kuvuka Dodoma nikiwa nimeshika usukani mwenyewe. IST ile ndogo ya 1.3, mimi, mama watoto na watoto wawili. Nimetenga laki saba. Waliopita Singida, Nzega, Kahama, Biharamulo na gari ndogo, yaliwakuta yapi? Msinifiche, ila msinitishe pia.

Kalamu Nyekundu: Laki saba kwenda NA kurudi? Njia hiyo ni kama kilomita 1,400. IST yenye watu na mizigo usiihesabie zaidi ya kilomita 14 kwa lita. Hizo ni lita 100 kwenda tu. Tukisema lita ni 2,900, ni 290,000. Kurudi nyingine. Umebakiwa na 120,000 ya gesti, kula na faini za tochi ya trafiki. Tochi moja 30,000.

Mpare Halisi: Wahaya bwana, nshomile! Mafuta ya laki sita ili gari lionekane kijijini.

Dada Kamachumu: Kwani mafuta unamnunulia wewe? Ninyi mnaojazana Chalinze kila Desemba mna neno gani la kutuambia?

Mpare Halisi: Dada, waliojazana Chalinze ni Wachaga. Mimi ni Mpare, nahesabu hela yangu nyumbani.

Baba Asimwe: Mleta mada, umenigusa kidonda. Mlima Sekenke, ukishapita Singida.

Kwenda hutaisikia kwa sababu unateremka, utashangaa watu wanaogopa nini. Subiri kurudi. 2019 nilitoka Bukoba na Spacio, nyuma mikungu mitatu ya ndizi na madebe mawili ya maharage. Mama mkwe kabanwa katikati ya watoto, mkungu wa nne miguuni pake, maana alishasema ndizi za Dar ni za kulishia mbuzi. AC inapuliza kama ofisini. Saa kumi na moja jioni tunaanza kupanda, lori mbele linatambaa, na mimi nyuma yake gia ya chini. Nikauona mshale wa joto umeanza kupanda. Nikajiambia nimalize kona hii. Nikaimaliza, ikaja nyingine.

Mvuke ulipotoka kwenye boneti nikafanya ujinga wa aina mbili kwa mpigo. Nilifungua mfuniko wa rejeta ikiwa inachemka, kovu ninalo mkononi hadi leo. Halafu nikachukua chupa ya maji ya baridi ya watoto nikaimimina yote. Injini ikalia kama bati linakunjwa. Mama mkwe akauliza kutoka ndani, "Baba Asimwe, ndiyo imepona?"

Giza lilitukuta palepale. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa anateremka akatufunga mnyororo akatuvuta hadi Shelui, hakutaka hata elfu kumi, alichukua chane moja ya ndizi. Hedi imepinda, gasketi imekwenda. Hedi ilipelekwa Singida kusawazishwa, siku nne, jumla 460,000. Ndizi ziliivia uani kwa fundi. Watoto wa mtaa wakawa wanakuja kila asubuhi kumwamkia mama mkwe, "Shikamoo bibi", wanaondoka na mbili mbili. Bukoba tulirudi tena mwaka juzi. Kwa basi.

Kahama Kwetu: Sekenke umenikumbusha mbali. Pole.

Fundi Buza: Ukiona mshale unapanda zima AC, washa hita mpaka mwisho hata kama jua linachoma, hita inaondoa joto kwenye injini. Usiposhuka, paki na uzime. Mfuniko usiuguse mpaka rejeta ipoe. Weka kulanti, acha maji ya bomba. Na tairi usitazame kipara tu. Ubavuni kuna tarakimu nne, 1216 ni wiki ya 12 ya 2016. Hilo usivuke nalo hata Kibaha.

Mpare Halisi: Mimi langu la 2014 na linadunda.

Fundi Buza: Endelea kudunda nalo.

Mnyama wa Usiku: Siri ni usiku. Toka Dar saa tatu usiku, njia nyeupe, tochi hakuna, injini haichemki.

Dada Kamachumu: Usimdanganye mwenye watoto. Malori yaliyoharibika yanawekewa matawi tu barabarani, taa hakuna. Shemeji yangu aliliona tawi akiwa ameshalikanyaga. Toka saa kumi alfajiri, lala Singida, ndiyo nusu ya njia.

Mtoto wa Posta: Njia ya kubana bajeti ni kupakia vichwa. Nami nilifanya hivyo, mara moja tu.

Msamvu, stendi ya Morogoro, nilichukua wawili, mzee wa rozari na kijana mmoja mpole, elfu thelathini kila mmoja. Kijana ana ndoo ya njano imefungwa kwa nailoni, anasema dagaa. Dagaa kutoka Morogoro kwenda Mwanza, na mimi sikushtuka! Mbele, sitasema wapi, akaomba kuchimba dawa. Akaingia kichakani. Dakika tano. Kumi. Napiga honi. Mzee anasali. Dakika ishirini tukaondoka, tukasema kijana labda kapatwa na yake, ndoo tutaiacha stendi. Kilomita mbili mbele, kizuizi. "Fungua nyuma. Ndoo ya nani?" Ilikuwa nyama pori. Nyara za Serikali hizo wakuu, si mchezo. Nikamgeukia mzee, mzee akasema yeye ni abiria tu. Nitaendelea, naingia kikaoni.

Kahama Kwetu: Shusha vitu mkuu, usituache kizuizini!

Kalamu Nyekundu: Chai hii. Dagaa wanatoka Mwanza, na nani asingeuliza?

Mtoto wa Posta: Ndiyo ujinga wangu ninaoueleza hapo. Usiku ule nililala chini, kiatu ndiyo mto. Naja.

Mnyama wa Usiku: Lete mwendelezo, laki saba za mleta mada zisubiri.

Mzee wa Lusahunga: Vijana mna raha. Zamani pori la Biharamulo mlisubiriana mpaka askari wapande ndipo msafara uondoke. Ila pitia Mwanza, siku hizi Busisi kuna daraja, hakuna kusubiri kivuko.

Kahama Kwetu: Mzee, huko anazunguka. Mafuta yake ya kuhesabu haya!

Dada Kamachumu: Au aache gari Mwanza apande meli usiku, aamkie Bukoba.

Mpare Halisi: Au aache gari Dar, apande SGR hadi Dodoma, kisha basi. Chenji inabaki ya senene.

Mtoka Muleba: Nimesoma yote, na mama watoto kasoma pia. Bajeti imekuwa laki tisa na nusu, tairi mbili nimebadilisha. Kuna kijana wa jirani alinichangia elfu hamsini nimfikishe Nzega. Ana ndoo. Nimemrudishia.

Mtoka Muleba: Mrejesho: niko Singida, gesti elfu ishirini na tano. Tochi moja, Gairo. Mshale haujasogea.

Fundi Buza: Kesho Sekenke unateremka tu. Kurudi ndiyo unikumbuke.

Kahama Kwetu: Kuku wa Singida umekula? Na yule wa ndoo bado yuko kikaoni?