Ukiomba msaada wa Linux unaambiwa "acha kulialia": huyu bwana tumvumilie mpaka lini?

Wakuu, salaam. Ninaandika mikono ikiwa bado inatetemeka kwa hasira, na sitamtaja mtu kwa jina, kwa kuwa kila aliyewahi kuuliza swali la Linux humu anamfahamu: ni yule bwana ambaye kila tatizo, hata kipanya kikigoma, dawa yake ni 777, yaani kumpa kila mtu ruhusa zote za kusoma, kuandika na kuendesha faili. Leo asubuhi ameniandikia mbele ya watu wote, "Dada, piga chini uweke upya, acha kulialia." Acha kulialia! Mimi niliyeweka toleo la mfumo, ujumbe wa kosa neno kwa neno na mistari ya logi niliyoitoa kwa journalctl, ndiye ninayeambiwa niache kulialia.

Chanzo chenyewe ni hiki. Kijana wetu wa field aliweka tovuti ya ofisi kwenye seva mpya ya Ubuntu 22.04, akaiacha ndani ya /home, na Nginx, programu inayowapelekea wageni kurasa za tovuti, ikawa inarudisha kosa la 403, yaani "hauruhusiwi". Sababu yake ni ya kawaida kabisa: tangu toleo la 21.04, Ubuntu huunda folda ya nyumbani ya kila mtumiaji kwa ruhusa za 750, ambazo hazimpi mtu wa nje chochote, kwa hiyo www-data, mtumiaji ambaye Nginx hufanya kazi kwa jina lake, hawezi hata kupita kwenda kwenye faili anazotakiwa kuzisoma. Ukiandika namei -l ikifuatiwa na njia kamili ya faili, unaona ngazi kwa ngazi ni folda ipi inayomzuia. Baada ya hapo unaihamishia tovuti /var/www, ambako ndiko mahali pake, au unampa www-data ruhusa ya kupita kwa setfacl. Kazi hiyo inaisha kabla chai haijapoa.

Kijana aliuliza humu kwa adabu, na yule bwana akamjibu kwa mstari mmoja: sudo chmod -R 777 /. Utazameni huo mkwaju wa mwisho, wakuu, mkwaju mtupu usiofuatwa na kitu chochote, ambao maana yake ni mfumo mzima kuanzia kwenye mzizi. Huko ni kung'oa milango yote ya nyumba, na ya majirani pia, kwa sababu kitasa cha choo kimegoma.

Kijana akaamini, akabonyeza Enter. Kuanzia hapo sudo, amri inayokupa mamlaka ya msimamizi, ikakataa kazi, ikilalamika kwamba ni lazima imilikiwe na root, yaani mtumiaji mkuu, na iwe na biti ya setuid, ile inayoiwezesha kufanya kazi kwa mamlaka ya mmiliki wake, kwa kuwa 777 huifuta biti hiyo kwenye faili; su nayo ikaanguka kwa sababu hiyo hiyo; /tmp ikapoteza biti inayozuia watumiaji kufutiana faili; na SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, ambayo haiziamini funguo zikiwa kwenye folda ambayo kila mtu anaweza kuiandika, ikawakatalia wote waliojaribu kuingia upya. Nikaja humu nikiwa na dirisha moja la terminali lililobaki wazi, nikauliza namna ya kurejesha ruhusa bila kuipoteza hifadhidata. Aliyenijibu ni yule yule aliyeitoa amri. Hakusema pole, hakuuliza hali ya hifadhidata, hakutaja hata neno moja kuhusu ile amri yake. "Piga chini uweke upya, acha kulialia." Nimeusoma mstari huo mpaka macho yameniuma, na kila nikiusoma unazidi kuwa mfupi na mkali.

Niambieni kama ni mimi peke yangu niliyechoka.

#2
Pole sana dada, hauko peke yako. Bwana huyo huyo aliniambia nifute kila kilichomo ndani ya /var/log siku df -h iliponionyesha kuwa diski imejaa kwa asilimia 100. Nilifuta, na nafasi haikurudi, kwa sababu programu zilizokuwa zikiendelea zilikuwa bado zimezishikilia faili zilizofutwa, jambo ambalo lsof +L1 inalionyesha wazi. Nilipoziwasha upya ili ziziachie, Nginx ikakataa kuamka kwa kuwa folda ya /var/log/nginx haikuwapo tena. Amri ya journalctl --vacuum-size=500M pamoja na kuirekebisha logrotate, inayozungusha na kufuta logi za zamani, ingetosha kabisa. Nilipomrudia, aliniambia nina woga wa kike, na mimi ni mwanaume mwenye ndevu.

#3
Wote mnamsema mwenye amri, na hakuna anayeuliza kwa nini kijana wa field alikuwa na sudo isiyo na mipaka kwenye seva ya ofisi. Faili ya sudoers inakuruhusu kumpa mtu amri mbili tatu anazozihitaji na si zaidi. Dada ameandika aya ndefu za machozi, lakini neno bekapu sijaliona hata mara moja. Labda yule bwana alikuwa mkali, ila kulialia kweli kupo.

#4 (mwanzisha uzi)
Mkuu #3, bekapu ya usiku ipo, na swali langu lilihusu data iliyoingia tangu asubuhi. Hayo ya sudoers nimeyasikia na ni ya haki. Lakini kumbuka kwamba kijana aliuliza kwanza, na aliyemjibu ni mtu ambaye humu anaitwa mtaalamu. Mtaalamu anapovunja, kisha akamwambia anayeokota vipande aache kulialia, hilo huwezi kunigeuzia mimi. Acha kulialia! Bado inaniuma.

#5
Dada, data yako haijaenda popote. Washa upya mashine, bonyeza Esc inapoanza kuwaka ili menyu ya GRUB, ya kuchagua namna ya kuuwasha mfumo, itokee, ingia kwenye hali ya uokoaji na uchague sheli ya root, kisha uandike mount -o remount,rw /. Irudishie /usr/bin/sudo ruhusa za 4755, /etc/sudoers 440, /etc/shadow 640, /tmp 1777, na funguo za siri zilizo ndani ya /etc/ssh uzipe 600. Usishangae ikiwa MySQL, programu ya hifadhidata, inaipuuza faili yake ya mipangilio, kwa kuwa haikubali faili ambayo kila mtu anaweza kuiandika. Ukishapata njia ya kuingia, toa nakala ya hifadhidata kwanza, halafu ndipo uzisakinishe upya pakiti (programu za mfumo) kwa apt install --reinstall. Wenzetu wa Fedora wana rpm --setperms -a inayorejesha ruhusa za pakiti zote. Sisi wa Debian na Ubuntu hatuna amri moja ya namna hiyo, kwa hiyo hata baada ya ukarabati, mashine hiyo usiiamini kwa muda mrefu.

#6
Angalau ninyi sudo yenu imekufa kwa amri ya mtu. Mimi apt imekwama katikati kwa sababu /boot, sehemu ya diski yenye faili za kuwashia mfumo, imejazwa na kerneli (viini vya mfumo) za zamani, na apt autoremove nayo inagoma kwa kuwa kuna pakiti ambazo hazijamaliza kusanidiwa. Anayetenga megabaiti chache kwa /boot wakati wa kusakinisha anastahili uzi wake mwenyewe wa malalamiko.

#7
#6, hiyo ni ndogo. Diski yangu ina nafasi, df -h inakubali kwamba ina nafasi, na bado kila faili ninayotaka kuiandika ninaambiwa hakuna nafasi. Yule bwana naye ameshanijibu: ninunue diski nyingine.

#8
#7, usinunue kitu. Andika df -i, kwa sababu inode, yaani kadi za kumbukumbu ambazo kila faili huhitaji moja, zinaweza kwisha hata gigabaiti zikiwa zimebaki, hasa pakiwa na faili ndogo ndogo nyingi sana. Kisha andika du --inodes -x / | sort -n | tail, uone ni folda ipi inayozila.

#9
Mwangalie na suala la ext4, mfumo wa kupangia faili kwenye diski, kumtengea root asilimia 5 ya diski. Kwenye diski ya data ya terabaiti 1 hizo ni takriban gigabaiti 50 zinazokaa bure, na tune2fs -m 1 inazipunguza. Nimelipigia kelele jambo hili humu mpaka nimepoteza sauti.

#7
#8, ubarikiwe. df -i inaonyesha asilimia 100, na mlaji ni /var/lib/php/sessions, zinakowekwa faili za watu walioingia kwenye tovuti. Nizifute zote, au za zamani tu?

#8
Za zamani tu, ili usiwatoe watu waliomo ndani ya tovuti sasa hivi: find /var/lib/php/sessions -type f -mmin +1440 -delete. Ukimaliza, itazame phpsessionclean.timer kwa systemctl status, maana kazi ya kuzisafisha ni yake, na inaelekea kuna mtu aliyeizima.