Modemu ya laptopu inasema "No dial tone", laini ni nzima

Karani_Zamu: Habari wakuu. ThinkPad T42, Windows XP, modemu ya ndani (kifaa cha kutuma data kwa laini ya simu). Nataka kutuma faksi kwa laini ya mezani ya ofisi. Kila nikituma inaandika "No dial tone" (hakuna mlio wa laini), ila simu nikiichomeka ukutani palepale mlio upo. Nianzie wapi?

Waya_Mbili: Anzia kwenye tundu. Yako mawili yanayofanana: la modemu ni jembamba (RJ-11), la mtandao ni pana (RJ-45). Plagi ya simu inaingia kote, ila kwenye pana inachezacheza. Usiiache humo, maana simu ikiita laini inabeba hata volti 90.

Halafu, simu uliijaribu kwa waya wake au kwa huo wa laptopu? Modemu inatumia nyaya mbili za katikati tu. Zipo kebo za simu ambazo hizo mbili hazijaunganishwa, na kwa macho huwezi kujua.

Karani_Zamu: Kwa waya wake. Tundu ni lile jembamba.

Waya_Mbili: Basi toa waya wa simu, uchomeke kwenye laptopu.

Mzee wa Draiva: Kabla ya hapo, mkuu, simu za hapo zinapita kwenye swichibodi (mtambo wa ofisi wa kugawa simu)? Kama ni za kidijitali, chomoa sasa hivi, zinaweza kuunguza modemu. Tumia tundu la mashine ya faksi, hilo ni la analogi.

Kisha Control Panel, Phone and Modem Options, Modems, Properties, Diagnostics, bonyeza Query Modem. Ikirudisha orodha ya majibu, modemu iko hai. Ikikaa kimya, shida ni draiva (programu inayoendesha modemu). Weka ya T42 yenyewe, hizi modemu za ndani hutegemea sana programu.

Ikiwa hai na bado inagoma, toa tiki kwenye "Wait for dial tone before dialing". Mlio wa swichibodi mara nyingi si ule modemu inaoutegemea. Namba ianze na 9 na mkato, mfano 9,22… (kama kwenu mnatoka nje kwa 9). Mkato mmoja ni kusubiri sekunde 2 hivi.

Karani_Zamu: Waya nimebadilisha, Query Modem inajibu. Tundu la faksi, tiki nimetoa, mikato miwili. Imepiga, ila faksi imekatika ukurasa wa pili.

Waya_Mbili: Kuna simu nyingine kwenye laini hiyohiyo? Mtu akiinua mkono wa simu tu, faksi imekufa. Zichomoe, utume tena.