Gari linanuka uvundo, naomba dawa ya haraka

Mpangaji_SouthB: Wadau, habari za usiku. Nina Vitz ya 2011 inayonuka uvundo kama nguo zilizolala kwenye beseni siku tatu. Nimeosha mikeka, nimetundika marashi mawili, nimenyunyiza magadi na kufagia. Asubuhi harufu iko palepale na vioo vimetoka jasho kwa ndani. Nataka iishe kabla ya Jumamosi.

MamaPacha: Pole kaka. Mimi nilimwagikiwa na maziwa lita tano nikitoka Limuru. Mume wangu akasema tuuze gari, nikamwambia nitaanza na wewe. Niliweka makaa kwenye karai chini ya kiti wiki nzima. Hao pacha wangu mpaka leo hawanywi maziwa wakiwa garini.

Fundi_Grogan: Marashi yanafunika tu. Koga inaishi kwa unyevu. Ikiwa harufu inakuja ukiwasha AC, fungua kisanduku kilicho mbele ya abiria, toa filta iliyo nyuma yake, kisha uangalie mrija wa kutolea maji kama umeziba. Ikiwa linanuka hata likiwa limezimwa, ni sponji ya chini ya kapeti. Juu pakauka, chini panabaki maji wiki nyingi. Maji yaliingilia wapi?

Mpangaji_SouthB: Niliacha dirisha wazi kidogo, mvua ikaingia. Ni hayo tu.

Fundi_Grogan: Hapana. Vuta mkanda wa dereva mpaka mwisho kabisa, uniambie unaona nini.

Kaka_Umoja: Jumamosi kuna nini? Harusi?

Mpangaji_SouthB: Kuna mstari wa matope kwenye mkanda. Basi niseme. Usiku ule wa mvua uani palijaa, maji yakafika kwenye viti. Fundi alilikausha likawaka, na linatembea vizuri. Jumamosi shemeji analichukua akafanyie teksi. Ameshanipa 150,000, na hiyo nimelipa karo. Yeye mwenyewe ndiye aliyelitaka, sikumlazimisha.

Mwalimu_Kasarani: Ndugu wa mkeo! Atabeba abiria usiku katika gari usilotaka kumwambia lilizama? Mwambie leo, bei mtaelewana.

Mpangaji_SouthB: Mwalimu, karo haikungoja. Na nimeuliza harufu, sikuuliza dini.

Kaka_Umoja: Ngojeni kidogo. Kwanza dirisha, kisha mafuriko, sasa shemeji na karo. Huyu anauza dawa ya kusafisha magari. Subirini aweke namba ya M-Pesa.

MamaPacha: Hata mimi nilikuwa nashangaa, anayeficha jambo hilo analetaje hapa?

Mpangaji_SouthB: Sina cha kuuza. Niko ndani ya gari hivi sasa, tochi ya simu mkononi. Nimeinua kapeti upande wa abiria, nikabonyeza sponji, maji meusi yakapanda mpaka kwenye kucha. Kuna punje ya maharagwe imechipua, ina majani mawili meupe. Tulibebea shopping humu. Mtu atunge hiyo kwa faida gani?

Kaka_Umoja: Basi samahani. Hayo maharagwe yamenishinda.

Fundi_Grogan: Maji ya mafuriko hapa Nairobi yamechanganyika na ya choo, kwa hiyo vaa glavu. Hiyo sponji itupe, usiikaushe. Kapeti lioshe, ulianike juani mpaka likauke pande zote mbili. Bati lipanguse kwa siki, uliache likauke. Kisha kagua soketi za waya zilizo chini. Zikiota kutu leo, gari litamzimikia shemeji barabarani baada ya miezi. Kwa Jumamosi, huwezi.

Mpangaji_SouthB: Nimempigia mara mbili, hapokei. Viti vinang'olewa kwa spana namba ngapi?

Fundi_Grogan: 14. Ila toa kwanza waya wa betri, ungoje dakika kumi, ndipo uguse soketi ya manjano chini ya kiti. Hiyo ni ya mfuko wa hewa.